Kumwona mtoto "chini ya uangalizi" ni kitu gani hasa? Tuelewane kabla hatujagombana

Juzi nimepanda haisi ya kutoka Buhongwa kwenda mjini, hapa Mwanza, mbele yangu kaka mmoja anamsimulia mwenzie kwa uchungu kabisa kwamba ndugu yake kaachana na mke, kesi imeisha, na mahakama imesema akitaka kumwona mwanae aende ofisi ya ustawi wa jamii, anakaa naye masaa mawili kuna mtu pembeni, muda ukiisha anaondoka. "Yani mtoto wake wa kumzaa anamwona kama mtu anayeenda kumtembelea ndugu yake gerezani Butimba." Mama mmoja siti ya nyuma akadakia kwamba ni sawa tu, ingekuwa yeye hata hayo masaa mawili asingetoa. Basi gari ikagawanyika, mpaka tunafika Mkuyuni watu wanarushiana maneno na kila mmoja ana mfano wake, wa dada yake, wa jirani, wa bosi wake.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, yani sio wakili, ni yule mtu wa mtaani aliyepewa mafunzo ya kukuelekeza uende wapi na ukaseme nini. Kesi za watoto ndio nyingi ninazokutana nazo, na kiukweli ugomvi wa ile haisi nausikia karibu kila wiki. Watu wanagombana juu ya kitu ambacho hakuna aliyewaeleza vizuri, alafu anayeumia ni mtoto ambaye hata hayupo kwenye mazungumzo.

Tuanze na neno lenyewe kwasababu hapo ndipo kuchanganyikiwa kunapoanzia. Kwenye Kiswahili chetu "uangalizi" linabeba mizigo mitatu. Ukisema mtoto yuko chini ya uangalizi wa bibi yake, maana yake bibi ndiye anayemlea. Ukisema mgonjwa yuko uangalizi maalum, kila mtu anashika kichwa, anajua hali ni mbaya. Alafu hakimu akiandika baba atamwona mtoto chini ya uangalizi, anamaanisha kitu cha tatu kabisa: baba na mtoto watakutana, na wakati wakiwa pamoja kutakuwepo mtu mzima mwingine ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtoto yuko salama. Ni hivyo tu. Sasa mtu akisikia lile neno anachukua maana ya kwanza anadhani amenyang'anywa mtoto moja kwa moja, au anachukua ya pili anadhani ametangazwa kuwa mtu hatari, anatoka mahakamani amefura na hicho kikao cha kwanza haendi.

Kuna vitu vingine vitatu vinachanganywa, na hivi ni lazima uvitenganishe hata kama huna kesi. Cha kwanza ni ulezi, yani mtoto analala wapi, nani anamwamsha kwenda shule, nani anaitwa na mwalimu. Cha pili ni matunzo, yani hela ya chakula, ada, nguo, matibabu. Cha tatu ni kuonana, yani yule mzazi ambaye mtoto halali kwake anapata muda gani wa kuwa naye. Fikiria mafiga matatu ya jiko la kuni. Yanabeba chungu kimoja lakini kila figa limesimama chini kivyake, huwezi kung'oa moja kulikomoa jingine, chungu kinamwagika. Mama anayesema "hajatoa hela miezi minne kwahiyo mtoto hamuoni" anang'oa figa. Baba anayesema "simuoni mtoto kwahiyo hela sitoi" anang'oa jingine. Matunzo yasipolipwa kuna njia yake ya kudai, unaenda ustawi au mahakamani na unamdai. Kuonana kukizuiwa nako kuna njia yake. Ukivifunga kwa kamba moja, mtoto ndiye anakosa chakula na anakosa na mzazi.

Sasa hii haki ya kuonana ni ya nani? Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inaongelea wazazi wakitengana au wakiachana, na imeandikwa upande wa mtoto: mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana, ana haki ya kuishi na yule mzazi ambaye mahakama inaona ana uwezo wa kumlea vizuri, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, ilimradi isivuruge shule yake. Soma tena hapo. Anayetembelea ni mtoto, haki ni yake. Hata ule Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi aendelee kuwasiliana naye mara kwa mara, isipokuwa kama mawasiliano hayo yanamdhuru. Ukishaelewa kwamba mwenye haki ni mtoto, uangalizi unaacha kuonekana kama adhabu ya mzazi. Mahakama inajiuliza, huyu mtoto anahitaji kumwona baba yake na pia anahitaji kuwa salama, tunampaje vyote viwili?

Naomba nisimulie kesi moja, nimebadilisha vitu kadhaa ili wahusika wasijulikane, lakini kiini chake ni hiki. Baba ni mvuvi wa dagaa, kambi yake iko kisiwa kimoja huko Ukerewe. Mama anauza nguo za mtumba hapa mjini. Waliachana Mahakama ya Mwanzo mtoto akiwa na miaka mitano, wa kiume, mahakama ikasema akae na mama na baba awe anamchukua likizo. Hakukuwa na uangalizi wowote. Mambo yakaenda. Mtoto alipofika miaka saba baba akaenda shuleni saa ya kutoka, akamchukua na begi lake la daftari, wakapanda boti wakavuka. Mama amesubiri mpaka giza linaingia. Siku tatu hajui mwanae yuko wapi, simu ya baba haipatikani, anazunguka kituo cha polisi na shuleni na mwaloni anauliza watu.

Baba alipopatikana alishangaa kabisa kwanini watu wamekasirika. Alisema, na alikuwa anamaanisha, "si kafikisha miaka saba? Miaka saba mtoto ni wa baba."

Hii imani ya miaka saba imesambaa kila sehemu, mjini, visiwani, hata kwa watu waliosoma. Ilikotoka ni hapa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inasema mtoto wa chini ya miaka saba inachukuliwa kwamba ni vizuri zaidi akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi, imeishia hapo. Hakuna sehemu inayosema akitimiza saba anahamia kwa baba. Watu wamechukua nusu ya sentensi wakaitungia nusu nyingine. Na hata hiyo nusu ya kwanza sio chuma, kama mama anamtesa mtoto, mtoto wa miaka minne anaweza kupewa baba. Kifungu hichohicho kinaiambia mahakama iangalie ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto. Juu ya yote linakaa neno moja, ustawi wa mtoto, ndio linalotangulia. Baada ya hapo ndio mahakama inasikiliza matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kuweza kutoa maoni yake, na mila za jamii wanayotoka.

Hapo kwenye mila, huku Usukumani utasikia ng'ombe za mahari zilitoka kwahiyo watoto ni wa ukoo wa baba, au ng'ombe hazikutoka kwahiyo baba aje kwanza kukomboa, yani kuwalipia watoto, ndio aongee. Mahakama inaruhusiwa kusikiliza mila, haizidharau, ila zinakuja nyuma ya ustawi wa mtoto. Ng'ombe hazimfanyi mtoto awe salama, na kutokutoa ng'ombe hakumfanyi mtoto asimhitaji baba yake.

Turudi kwa mvuvi wetu. Mama alirudi mahakamani, ileile iliyotoa amri ya kwanza, akaomba ibadilishwe. Hilo watu hawalijui pia: amri ya mtoto haigandi milele, mambo yakibadilika unaruhusiwa kuomba ibadilishwe. Mahakama ikasema baba aendelee kumwona mtoto, lakini kwa sasa iwe ofisi ya ustawi, mbele ya afisa, na asitoke naye. Sababu haikuwa kwamba baba ni mkatili, hakuwahi kumpiga huyo mtoto. Sababu ni kwamba amemchukua mara moja bila taarifa kutoka kwa mtu mwenye amri ya kukaa naye, jambo ambalo Sheria ya Mtoto inalikataza, na mahakama haikuwa na uhakika kama hatarudia.

Kwahiyo uangalizi unawekwa kwa sababu tofauti tofauti na sio zote ni za ubaya. Ipo ya kuogopa mtoto kutoroshwa, kama hii. Ipo ya ulevi au madawa, mzazi mzuri tu akiwa mzima lakini akinywa hajui mtoto yuko wapi. Ipo ya kipigo, aidha kwa mtoto au kwa mama mbele ya mtoto. Ipo ya ugonjwa wa akili ambao haujatulia. Na ipo moja ya upole kabisa ambayo watu hawaijui, mzazi aliyepotea miaka mingi, labda alikuwa machimboni Geita au alifungwa, karudi na mtoto hamjui hata sura, hapo mtu wa tatu anawekwa ili mtoto asiachwe na mtu ambaye kwake ni mgeni. Wakati mwingine pia tuhuma bado hazijathibitishwa, mahakama inaweka uangalizi kama tahadhari mpaka ukweli ujulikane. Kwahiyo ukisikia fulani anamwona mwanae chini ya uangalizi, huwezi kujua ni sababu gani kati ya hizo, na hupaswi kumtangaza mtaani.

Alafu uangalizi una ngazi. Ngazi ya juu mwangalizi yuko chumba hichohicho, anaona na anasikia kila kitu. Chini yake mwangalizi yuko jirani, labda barazani, anawaona lakini hawasikilizi kila neno. Chini zaidi anasimamia makabidhiano tu, mama analeta, baba anachukua, wanaenda zao kutembea hifadhi ya Saanane au wapi, jioni wanarudi palepale, na hii inawafaa wazazi ambao kila mmoja peke yake hana shida na mtoto ila wao wawili wakikutana mlangoni ni matusi. Unaweza kuanzia juu ukashuka, na pia ukiharibu unapandishwa.

Mwangalizi ni nani? Huku kwetu mara nyingi ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, lakini anaweza kuwa ndugu ambaye pande zote mbili zinamwamini, shangazi, babu, au kiongozi wa dini, ilimradi mahakama imekubali. Nchi kama Uingereza na Marekani wana vituo maalum kabisa vya kazi hiyo, vina midoli na vitabu, wazazi wanapangiwa kufika kwa muda tofauti ili wasikutane, mmoja anaingia mtoto akiwa tayari ndani. Sisi tuna benchi na kiyoyozi cha Mungu kutoka ziwani. Lakini ule ujanja wa kupishana muda hauhitaji jengo, unaweza kuombwa popote, mama afike saa nne kasorobo amwache mtoto aondoke, baba aingie saa nne kamili. Kama uliwahi kupigwa na huyo mtu, omba jambo hilo liandikwe kwenye amri, usione aibu.

Watu wanamchukulia mwangalizi kama mpelelezi wa upande wa pili. Sio hivyo. Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba uone dagaa wanavyopimwa. Muuzaji anataka mzani useme nyingi, mnunuzi anataka useme kidogo, na katikati kuna mtu anashika mzani ambaye akiegemea upande mmoja kesho hakuna atakayemwita. Mwangalizi ndio huyo. Anaandika alichokiona: baba alifika saa ngapi, mtoto alikuwaje, waliongea, walicheza, kulikuwa na shida au hapana. Hiyo taarifa hakimu akiitaka anaisoma. Na mzazi uliyetuhumiwa kwa uongo, huyo mtu na kalamu yake ndio shahidi wako bora kuliko ndugu zako kumi watakaokuja kusema wewe ni mtu mzuri.

Siku ya kwanza ya yule mvuvi nilikuwepo, mama aliniomba nimsindikize, nikabaki nje kwenye baraza ambapo dirisha liko wazi. Baba alikuwa hajamwona mtoto miezi kumi na moja. Kavaa shati limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, mkononi mfuko wa rambo una viatu vyeusi vya shule vipya na machungwa manne. Mtoto kaingia kakaa mbali, kwenye kona ya benchi, anazungusha kizibo cha soda sakafuni, hamtazami. Baba katoa viatu, kainama amvalishe. Havikuingia. Vilikuwa namba 29. Akajaribu tena, akavuta ulimi wa kiatu, akasukuma, kisigino kinabaki nje, na nilimwona anaelewa taratibu kwamba mguu alioubeba kichwani muda wote huu haupo tena, umekua bila yeye. Akavirudisha kwenye mfuko hakusema kitu. Afisa naye hakusema kitu. Baba kakaa kama dakika tano nzima. Alafu akachukua chungwa na kisu kidogo alichoomba ofisini akaanza kulimenya, polepole, ganda linashuka refu halikatiki, linazunguka linazunguka mpaka linagusa sakafu, na kizibo kikaacha kuzunguka. Mtoto akasogea. "Nipe mimi." Akapewa ganda, akajivalisha shingoni.

Hiyo ndio ilikuwa siku yao ya kwanza. Kwenye karatasi iliandikwa mistari minne tu.

Kuna mambo kwa kawaida utaambiwa usiyafanye, na mengi yana sababu ya maana. Usiongelee kesi. Usimhoji mtoto habari za nyumbani, nani analala pale, mama anaongea na nani kwenye simu, kwasababu hapo unamgeuza mtoto kuwa mtoa taarifa na akirudi nyumbani ataulizwa tena na upande wa pili, anabaki anapasuka katikati. Usinong'one naye pembeni. Usimwahidi kitu ambacho huna uwezo nacho, "wiki ijayo nakuja kukuchukua moja kwa moja", mtoto atahesabu siku. Usimpige picha ukaweka status. Usije umekunywa hata kidogo. Usije na kundi la ndugu kumi, kama mama yako anataka kumwona mjukuu omba kwanza. Na mzazi unayemleta, usikae dirishani, usimpigie simu katikati, akitoka usimwulize maswali ya polisi, muulize tu kama amekula.

Hapo kwenye bibi na babu niseme kidogo. Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama kupanga mtoto atembelee hata familia ya mzazi aliyefariki au ambaye hakupewa mtoto, na Sheria ya Mtoto inamruhusu ndugu ambaye amekuwa akimtunza mtoto kuomba kumwona kwa vipindi. Bibi aliyemlea mjukuu toka anyonye alafu siku moja akaambiwa hamna kuja tena hapa, ana pa kwenda.

Sasa niongelee tatizo letu la kweli, ambalo sheria haijaandika. Ofisi za serikali zinafunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa. Mtoto yuko shule Jumatatu mpaka Ijumaa. Wazazi wanakubaliana mahakamani "ofisi ya ustawi" hakuna anayefikiria hilo, wanakuja kugundua baadae kwamba ama mtoto atoroke vipindi au wasionane. Na maafisa wenyewe ni wachache, leo yuko na mtoto aliyeokotwa, kesho ana kikao, keshokutwa kaitwa mahakamani. Kwahiyo kama amri bado haijatoka, sema palepale mbele ya hakimu: Jumamosi nani atatuangalia? Taja mtu, shangazi fulani, mchungaji, shehe, mwalimu mstaafu wa mtaani, upande wa pili ukimkubali hakimu anaweza kumweka. Kusubiri mpaka amri itoke alafu ulalamike ni kazi mara mbili.

Yule mvuvi alipewa kila Jumatano jioni. Akaja mara mbili, ya tatu hakuja, ya nne hakuja. Mama akasema si mnaona, hana haja na mtoto. Nilipompigia akaniambia, "Dada, sasa hivi ni giza." Mtu wa mjini hawezi kuelewa, ila ukiishi na ziwa unaelewa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa imejaa kambi inapumzika, kama wiki moja hivi, nyavu zinashonwa, watu wanarudi makwao. Huyu baba akiacha kazi katikati ya giza kila Jumatano avuke, hela ya matunzo anaitoa wapi? Tukamshauri arudi aombe ratiba ifuate mwezi: siku mbili tatu za mbalamwezi kila mwezi, masaa marefu zaidi, badala ya masaa mawili kila wiki. Mama mwanzo alikataa, alafu akakumbuka kwamba hata walipokuwa pamoja ndivyo maisha yalivyokuwa. Hakimu akaikubali. Nakwambia hili kwasababu watu wanachukua ratiba kama imeshuka kutoka mbinguni wakati inatakiwa ifanane na maisha yenu. Dereva wa masafa ya Mwanza Dar, nesi wa zamu za usiku, mchimbaji, wote waseme kazi yao ilivyo mapema.

Je mtoto akikataa kwenda? Hili ni gumu na sina jibu la sentensi moja. Sheria inataka mtoto asikilizwe kama maoni ni yake mwenyewe, sio ya kulishwa. Mtoto wa miaka mitano anayelia mlangoni anaweza kuwa anaogopa tu mahali pageni, kama anavyolia siku ya kwanza ya chekechea. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayesema siendi na anataja sababu, huyo asikilizwe, na sio na mama wala baba, asikilizwe na afisa, pembeni, bila kuharakishwa.

Na kuna hali ambayo hata uangalizi hautoshi. Kama mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono na mzazi, au kila akitoka kumwona anakojoa kitandani, hataki kula, anashtuka usiku, mahakama ina uwezo wa kusimamisha kuonana kabisa. Hapa naomba sana, kwa moyo wangu wote, tusiyamalize kifamilia. Nimeshakaa kwenye vikao wazee wanasema tulinde jina la ukoo, baba alipe mbuzi, mtoto aendelee kumwamkia. Hapana. Hilo ni kosa la jinai. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto na ni bure.

Kwa mambo ya kawaida pa kuanzia ni ofisi ya ustawi ya halmashauri yako, Nyamagana, Ilemela, Sengerema, popote ulipo. Kama kuna kesi ya talaka, suala la watoto linaamuliwa humohumo. Kama hamkuwahi kuoana, usidhani huna haki, mama au baba anaomba Mahakama ya Watoto, ambayo inasikiliza kwa faragha, majirani hawaingii. Huna hela ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria wa kata yako, tunatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hatutozi. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na amri yoyote uliyonayo, na kama umekuwa unatuma matumizi kwa simu usifute zile meseji.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "hii itaisha lini?" Hakuna muda mmoja. Kinachoishusha ngazi ni mwenendo, unafika, unafika kwa wakati, unafuata masharti, sababu iliyoleta uangalizi inapungua, alafu unarudi na taarifa ya afisa kuomba amri ilegezwe. Mzazi aliyesusa mwaka mzima akisema siwezi kudhalilishwa, akirudi kuomba hana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Mvuvi wetu alikuja mbalamwezi sita mfululizo. Mara ya saba waliruhusiwa kuonana nyumbani kwa shangazi wa mtoto Nyakato, kutwa nzima, hakuna anayekaa nao chumbani, shangazi anapokea na kukabidhi tu. Ila kitu ninachokikumbuka zaidi kilitokea nyuma kidogo, ile mbalamwezi ya pili. Mama alipomleta mtoto hakuondoka haraka kama kawaida yake. Alitoa kwenye pochi kipande cha karatasi ya daftari kimekunjwa, akampa afisa, akasema mpe baba yake. Afisa alikifungua mbele yangu kwasababu kila kinachopita pale lazima akione. Kulikuwa na mwandiko wa peni nyekundu: viatu 31, sweta ya shule bluu, hapendi vitunguu.